Yule Aliyeufikiria Ukuta

Mwishoni mwa miaka ya 1790, katika mji mdogo wa Jena, Ujerumani, wanafunzi walikuwa wamebanana ukumbini wakimsubiri mwalimu wao wa falsafa. Akaingia mtu mfupi, mpana wa mabega, mwenye uso wa amri. Akawataka wakusanye fikra zao na kuzigeuzia ndani, kwa kuwa siku ile hapakuwa na kitu cha nje cha kuzungumzia ila wao wenyewe. Baadhi wakaketi wima, wengine wakainamisha macho. Kisha akawaambia waufikirie ukuta. Wakaufikiria, na jambo hilo halikumshinda hata mmoja. Akawaambia tena: sasa wamfikirie yule aliyeufikiria ukuta.

Ukumbi ukababaika. Henrik Steffens, kijana mzaliwa wa Norwei ambaye baadaye alikuwa mwanafalsafa mwenye jina, alikuwemo, na ndiye aliyetuachia kumbukumbu hii. Ukuta haukuwapa taabu, maana upo pale na macho yanauona. Lakini yule anayeufikiria yuko wapi? Ukimgeukia ili umtazame, amekwisha kuhama: ndiye huyo anayetazama.

Mwalimu huyo aliitwa Johann Gottlieb Fichte. Vitabu vingi vya historia ya falsafa humpitia haraka, kama daraja la kumvusha msomaji kutoka kwa Immanuel Kant hadi kwa Hegel, na kwa kufanya hivyo vinamdhulumu. Fichte aliishi miaka 51 tu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia kuitetea fikra moja: kwamba mtu hakuwekwa duniani kama jiwe au kiti, mtu ni tendo. Naandika habari zake kwa sababu naamini fikra hiyo ni kubwa, na kwa sababu yeye mwenyewe aliivunja, na gharama ya kuivunja wakailipa watu wengine.

Mahubiri yaliyompita bwana

Fichte alizaliwa tarehe 19 Mei 1762 katika kijiji cha Rammenau, Saksonia, akiwa kifungua mimba wa nyumba yenye watoto wengi. Baba yake, Christian, alikuwa mfuma tepe. Alifuma zile kanda nyembamba za kupambia nguo, akaziuza, na kipato kikatosha chakula cha siku na si zaidi. Mtoto alifundishwa kusoma na baba yake, akasaidia kazi kwenye kitanda cha mfumi, na masimulizi ya ukoo yanasema alichunga pia mabata bukini.

Masimulizi hayohayo ndiyo yanayoeleza jinsi mlango ulivyomfungukia. Jumapili moja kabaila aitwaye Ernst Haubold von Miltitz alifika Rammenau akitaka kumsikia mchungaji wa pale, ambaye mahubiri yake yalisifika. Alichelewa, akakuta ibada imekwisha. Wenyeji wakamwambia asisikitike, kwani yuko mtoto wa mfuma tepe anayeweza kuyarudia mahubiri yote. Mtoto akaitwa na mavazi yake ya kazi. Alianza kwa woga, kisha maneno yakamchukua. Hakuyasema kama kasuku. Aliyaingia, akapandisha sauti pale mchungaji alipoipandisha, hadi akasahau kwamba amezungukwa na wakubwa. Miltitz akaamua kumsomesha.

Akili ya mtoto yule ilikuwa ileile kabla ya Jumapili hiyo na baada yake. Kilichobadilika ni kwamba tajiri mmoja alichelewa kanisani. Lau angewahi, huenda kijana angefuma tepe hadi uzeeni, na hakuna ambaye angejua kimepotea nini. Mambo mengi aliyoyapigania Fichte ukubwani, hasa elimu kwa kila mtoto bila kuuliza baba yake ni nani, yana mzizi wake hapo. Bahati iliyomwokoa ndiyo aliyotaka kuwaondolea watoto wengine ulazima wa kuingoja.

Mwaka 1774 aliingia Pforta, shule ya bweni yenye nidhamu kali karibu na Naumburg, ambako miaka mingi baadaye alisoma Friedrich Nietzsche. Mwaka huohuo mfadhili wake akafariki. Msaada wa ukoo wa Miltitz uliendelea kwa muda, ukapungua, ukakatika. Fichte alianza masomo ya theolojia katika Chuo Kikuu cha Jena mwaka 1780, akahamia Leipzig, na mwaka 1784 akaacha bila shahada kwa kukosa fedha.

Ikafuata karibu miaka 10 ya ualimu wa nyumbani, kazi waliyokimbilia wasomi maskini wa wakati ule. Unakula meza moja na wenye nyumba lakini huna nyumba. Unamlea mtoto wao kwa maarifa, nao wanakuhesabu pamoja na watumishi. Fichte hakuumbiwa unyonge huo. Huko Zurich, alikoajiriwa mwaka 1788 na mwenye nyumba ya wageni, aliona kwamba wazazi wanayabomoa usiku yale anayowajengea watoto mchana. Akaanza kuandika daftari la makosa ya wazazi katika malezi, na kila wiki akawasomea. Ajira hiyo haikudumu. Lakini Zurich ilimpa Johanna Rahn, mpwa wa mshairi Klopstock, mwanamke mpole mwenye msimamo. Wakachumbiana, na uchumba ukasubiri miaka mitatu kwa sababu bwana harusi hakuwa na senti.

Wiki tano za Königsberg

Mwaka 1790 alikuwa amerudi Leipzig, mfuko mtupu, akitafuta lolote la kufanya. Mwanafunzi mmoja akamwomba amfundishe falsafa ya Kant. Fichte alikuwa hajaisoma. Akakubali kwa kuhitaji ada, akajifungia na vitabu ili asitanguliwe na mwanafunzi wake kwa aibu, na vitabu vile vikampindua.

Kabla ya hapo aliamini, kwa huzuni, kwamba kila kitu kimefungwa katika mnyororo wa sababu na matokeo, na kwamba hata uamuzi wa mtu ni kiungo kimoja tu cha mnyororo huo. Kant alimwonyesha njia nyingine. Ninapojua kwamba imenipasa kusema kweli hata kama nitapata hasara, najua papo hapo kwamba naweza kuisema. Wajibu hauna maana kwa kiumbe asiye huru. Uhuru basi hauthibitishwi kwa kupima na kuhesabu, unathibitishwa kwa kuishi kama mtu anayewajibika. Aliwaandikia marafiki kwamba sasa anaishi katika dunia mpya. Njaa ilikuwa ileile, lakini mwenye njaa alikuwa mtu mwingine.

Mwaka 1791 alikwenda Warsaw kupokea kazi katika nyumba ya kikabaila. Mama mwenye nyumba hakuipenda lafudhi yake ya Kifaransa wala namna yake ya kusimama mbele ya wakubwa, na kazi ikafa kabla ya kuanza. Fichte akadai fidia, akaipata, na badala ya kurudi kwao akafunga safari kwenda Königsberg, kando ya Bahari ya Baltiki, kumwona Kant mwenyewe.

Mzee alikuwa na miaka 67 na wageni walimchosha. Alimpokea kijana bila uchangamfu. Fichte hakurudi na barua ya kujieleza. Alirudi chumbani kwake, akakaa wiki kama tano akiandika kitabu kizima kilichojaribu kupima, kwa kanuni za Kant, ni kwa masharti gani mtu mwenye akili anaweza kukubali ufunuo wa dini. Mwezi Agosti akampelekea. Safari hii Kant alimwona. Fedha zilipomwishia, Fichte alimwandikia akiomba mkopo wa nauli ya kurudia kwao. Kant hakumkopesha, ila alimsaidia kumpata mchapaji.

Kitabu kilitoka mwaka 1792, na baadhi ya nakala zikatoka bila jina la mwandishi wala dibaji yake. Wasomi wa Ujerumani walikuwa wakimngoja Kant aandike juu ya dini. Gazeti kubwa la wahakiki huko Jena likatangaza kwamba mkono ule hauwezi kuwa wa mwingine ila wake. Kant akajitokeza hadharani: kitabu si changu, ni cha Fichte, na heshima apewe mwenyewe. Mtoto wa mfuma tepe akawa mtu mashuhuri. Mwezi Oktoba 1793 akamwoa Johanna.

Mwaka huohuo alichapisha maandishi mawili bila jina lake. La kwanza liliwadai watawala wa Ulaya uhuru wa kufikiri waliounyang'anya. La pili liliyatetea Mapinduzi ya Ufaransa wakati ambapo wengi walikuwa wameanza kuyakimbia. Ndani ya hilo la pili, katikati ya hoja za haki ya kila binadamu, Fichte aliandika juu ya Wayahudi kwa chuki nzito na kukataa wapewe haki za uraia. Siwezi kulipita jambo hilo kama doa dogo kwenye kanzu nyeupe. Mtu aliyefundisha kwamba kila nafsi ni tendo huru alilitazama kundi zima la watu akaona ukuta.

Jena na neno "mimi"

Mwezi Mei 1794 alifika Jena kuwa profesa. Mji ulikuwa chini ya Karl August, mtawala wa Weimar, na mshairi Goethe alikuwa miongoni mwa washauri wake. Hotuba za kwanza za Fichte kwa watu wote zilihusu wajibu wa msomi katika jamii. Alimweleza Johanna kwa barua hali ilivyokuwa: ukumbi mkubwa kuliko yote mjini haukutosha, ua ukajaa, vijana wakasimama juu ya meza na mabenchi. Aliwaambia kwamba elimu ni deni. Aliyesoma amesoma kwa jasho la wengine, na asipoirudisha elimu yake kwa watu amewaibia.

Fundisho lenyewe aliliita Wissenschaftslehre, yaani elimu juu ya misingi ya elimu yote. Nitajaribu kulieleza kwa njia ya karibu, ingawa Fichte aliandika upya fundisho hilo mara nyingi hadi kufa kwake, akihisi kila mara kwamba hajaeleweka.

Watu wengi tunadhani akili inapokea dunia kama kapu linavyopokea nazi: nazi zipo, kapu linajazwa. Kant alikwisha kusema kwamba akili ina sehemu yake katika kuipanga picha ya dunia tunayoijua. Wanafalsafa waliomfuata, Fichte, Schelling na Hegel, ndio wanaoitwa wadhanifu wa Kijerumani, kwa kuwa waliitafuta asili ya mambo katika fikra na roho kabla ya maada. Fichte alianzia mahali pamoja: neno "mimi". Nikisema kiti, nataja kitu kilichokuwapo kabla sijakitaja. Nikisema mimi, hakuna kitu kilichokuwa kinasubiri kutajwa. Mimi napatikana katika kule kujitambua kwenyewe. Nafsi hujiweka, alisema Fichte. Ni tendo na zao la tendo kwa pamoja.

Lakini nafsi peke yake haijijui. Mkono usiogusa kitu haujui nguvu yake. Seremala anaijua randa yake pale mbao inapokataa, na mpiga kasia anaijua misuli yake pale mkondo unapomsukuma nyuma. Kwa hiyo nafsi lazima ikutane na kisicho nafsi, ipingwe, ishindane, ipanue mpaka wake, ikutane na kipingamizi kingine. Dai, kinyume chake, na muungano unaozipatanisha pande mbili: mwendo huo wa hatua tatu, ambao watu wengi huupa jina la Hegel, Fichte alikuwa ameuandika kabla yake.

Na kipingamizi kikubwa kuliko vyote ni mtu mwingine. Katika maandishi yake ya 1796 juu ya haki, Fichte alieleza kwamba hakuna anayekuwa mtu akiwa peke yake. Mtoto anajitambua kuwa huru pale mwingine aliye huru anapomwita, anapomtaka ajibu, anapojizuia ili kumwachia nafasi. Haki inaanzia hapo: naupunguza uhuru wangu ili nawe uwe na wako, nawe ufanye vivyo hivyo. Hili, kwa maoni yangu, ndilo jambo bora kuliko yote aliyowahi kuandika. Linakuja mapema, na kama angeling'ang'ania hadi mwisho, maisha yake na sifa yake vingekuwa vingine.

Jena ikawaka. Mshairi Hölderlin alihudhuria madarasa yake. Mshairi mwingine, Novalis, alijaza madaftari kwa kumsoma. Schelling, kijana wa miaka 20, alianza kuandika kwa kumfuata kisha akampita njiani. Kundi zima la wale walioitwa Waromantiki lilipata kutoka kwake ujasiri wa kuamini kwamba nafsi inaumba. Maadui nao hawakukosekana. Aliposhambulia vyama vya siri vya wanafunzi, vilivyojulikana kwa ulevi na ugomvi, walimvunjia madirisha ya nyumba, hata ikambidi ahame mjini kwa miezi kadhaa mwaka 1795.

Pigo kubwa likaja kwa upande wa dini. Mwaka 1798, katika jarida alilohariri pamoja na mwenzake Niethammer, alichapisha makala iliyosema kwamba Mungu ndiye utaratibu wa maadili wa ulimwengu, ule uhai unaofanya jema lisiwe bure, na kwamba kumfanya Mungu kuwa kiumbe mmoja kati ya viumbe ni kumshusha. Serikali ya Saksonia ikasoma hapo ukafiri. Ikakamata nakala za jarida, ikatishia kuwaondoa vijana wake wote Jena. Weimar ilitaka kumaliza jambo kwa karipio dogo. Fichte hakujua kuinama. Mwezi Machi 1799 aliandika barua akionya kwamba akikaripiwa hadharani atajiuzulu. Wakubwa wakaipokea barua hiyo kama ombi la kujiuzulu, wakalikubali. Wanafunzi walisaini maombi abaki, hayakusikilizwa.

Kiangazi hicho alihamia Berlin bila kazi. Kabla mwaka haujaisha, Kant naye akatangaza magazetini kwamba hana sehemu katika falsafa ya Fichte. Mzee aliyemwinua kwa tangazo moja akamkana kwa jingine.

Hotuba chini ya bunduki

Tarehe 14 Oktoba 1806, Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alilivunja jeshi la Prussia, dola yenye mji mkuu Berlin, karibu na Jena ileile. Siku chache baadaye Wafaransa wakaingia Berlin. Fichte alikataa kuishi chini yao, akakimbilia Königsberg, kisha Copenhagen, huku Johanna amebaki na mtoto wao wa kiume. Alirudi mwezi Agosti 1807, amani ya kushindwa ilipokwisha kusainiwa.

Kuanzia tarehe 13 Desemba 1807 hadi tarehe 20 Machi 1808, kila Jumapili, alisimama katika jengo la Chuo cha Sayansi mjini Berlin na kutoa hotuba 14 kwa taifa la Wajerumani. Askari wa Ufaransa walikuwa bado mjini. Mwaka uliotangulia, mwezi Agosti 1806, mwuza vitabu Johann Philipp Palm alikuwa amepigwa risasi kwa amri ya Napoleon kwa sababu ya kijitabu kimoja. Fichte alilijua hilo. Alimwandikia ofisa mmoja wa serikali kwamba risasi iliyompata Palm inaweza kumpata yeye pia, na kwamba hataacha.

Watu waliozisikia hotuba hizo walitarajia mwito wa silaha, wakapewa mwito wa shule. Taifa lililoshindwa vitani, alisema, litaamka kwa elimu mpya kabisa. Elimu ya watoto wote, wavulana na wasichana pamoja, maskini kwa matajiri, wakisoma na kufanya kazi za mikono, wakizoeshwa kupenda jema kwa ajili ya jema lenyewe. Alimtaja mwalimu wa Uswisi, Pestalozzi, aliyewafundisha watoto wa maskini kwa kuwaanzisha na vitu wanavyovishika na kuviona. Nikizisoma kurasa hizo namwona mtoto wa Rammenau amesimama mbele ya Miltitz.

Lakini ndani ya hotuba zilezile mna kitu kingine. Fichte alidai kwamba Wajerumani ni watu wa asili, kwa kuwa wamebaki na lugha yao tangu mwanzo, ilhali majirani zao walichukua Kilatini, na lugha iliyoazimwa, alisema, inakufa mizizi na fikra za wasemaji wake zinakauka. Mara moja ile nafsi iliyokuwa tendo ikageuka urithi. Mtu hakuwa tena kile anachokifanya. Akawa kile alichozaliwa nacho, na watu wakapangwa daraja kwa asili ya lugha zao.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji hoja ndefu kuliona kosa hilo. Lugha yetu ina mifupa ya Kibantu, na kwa karne nyingi imepokea ya Waarabu, Waajemi, Wareno, Wahindi, Waingereza na hata Wajerumani. Tunasema fikra, bustani, meza, gari na shule, na hakuna mtoto wa Lamu au wa Kigoma anayehisi kwamba mdomo wake umeazimwa. Lugha ipo hai kwa sababu watu wanaitenda. Fichte wa mwaka 1796 angelielewa hilo.

Homa ya Berlin

Chuo kikuu kipya cha Berlin, kilichoasisiwa kwa juhudi za Wilhelm von Humboldt, kilifungua milango mwaka 1810. Mwaka 1811 maprofesa wakamchagua Fichte kuwa mkuu wa chuo, wa kwanza kupatikana kwa kura. Hakukaa. Mwanafunzi mmoja Myahudi alisumbuliwa na kushambuliwa na wenzake, na vyombo vya chuo vikataka kumwadhibu yeye pamoja na waliomshambulia. Fichte alipinga. Hakuungwa mkono vya kutosha na maprofesa wenzake, akauacha ukuu wa chuo mwaka 1812. Sijui kama kitendo hicho kinaweza kuyafuta maneno ya 1793, maana neno likitoka halirudi. Najua kwamba siku ile alimwona mtu, na akalipa cheo chake.

Mwaka 1813 Prussia ikainuka dhidi ya Napoleon. Fichte alifunga madarasa ili wanafunzi waende vitani, na yeye mwenyewe, mwenye miaka 51, akashiriki mazoezi ya askari wa akiba. Mapigano ya karibu na mji yakaijaza Berlin majeruhi. Johanna alikwenda hospitalini kila siku kwa miezi mitano, akiwaosha, akiwalisha, akiwaandikia barua wasioweza kushika kalamu. Mwanzoni mwa Januari 1814 akaanguka kwa ile homa kali ya vita inayoenezwa na chawa. Siku hali yake ilipokuwa mbaya kabisa, Fichte alimwacha kitandani akaenda kufundisha, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wakimngoja. Aliporudi alikuta homa imevunjika. Akamkumbatia kwa furaha. Inaaminika ndipo ugonjwa ulipomhamia.

Johanna akapona. Fichte akafariki tarehe 29 Januari 1814. Johanna alimfuata mwaka 1819, akazikwa miguuni pake katika makaburi ya Dorotheenstadt. Hegel, aliyekabidhiwa mwaka 1818 kiti cha falsafa alichokiacha Fichte, alizikwa jirani naye mwaka 1831 kwa hiari yake mwenyewe.

Walioketi darasani baadaye

Urithi wake ukagawanyika kama alivyogawanyika mwenyewe. Hegel alilichukua lile wazo la nafsi kumhitaji mwingine ili ijijue, akalipanua hadi likawa mkasa wa bwana na mtumwa. Mwaka 1862, Wajerumani walipoadhimisha miaka 100 ya kuzaliwa kwake, waliberali walimsifu kuwa wao, na mwanaharakati wa wafanyakazi Ferdinand Lassalle alimsifu kuwa wake. Katika karne ya 20, wahubiri wa vita na kisha Wanazi walizichambua hotuba za Berlin wakachukua lile la lugha na asili, wakaliacha la shule.

Kuna urithi mwingine, unaotugusa sisi. Mwaka 1887, katika chuo kikuu hichohicho cha Berlin, ilianzishwa Seminari ya Lugha za Mashariki, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa. Wengi wa wanafunzi walikuwa wakijiandaa kwenda kutawala na kufanya biashara Afrika Mashariki. Walihitajika walimu wenye lugha yao, na mwaka 1900 akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi wa Kiislamu kutoka Bagamoyo. Aliyoandika juu ya watu wa pwani, ndoa na maziko yao, ngoma na biashara yao, ndiyo sehemu kubwa ya kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichotoka mwaka 1903, na jalada lake likabeba jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekihariri.

Darasani Mtoro hakupewa heshima ya mwalimu. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata aliacha kazi, akasafiri na mkewe kurudi kwao, na wakuu wa koloni wakawazuia kuteremka pamoja Dar es Salaam. Wakarudi Ujerumani. Alifariki Berlin mwaka 1927, hakuiona tena Bagamoyo.

Sidai kwamba Mtoro alimsoma Fichte. Nayafikiria tu madarasa mawili ya nchi moja, la Jena na la Berlin, na zaidi ya miaka 100 katikati yake. Vijana wa Seminari walikuja kujifunza habari za Waswahili kama mtu anayeusoma ukuta: wana desturi hizi, husema hivi, huzika hivi. Mbele yao alisimama Mswahili mwenye kalamu, aliyekwisha kuwaza na kuandika, kwa lugha yake, yote waliyokuwa wakiyakariri.

Walichotakiwa kufanya ni kile Fichte alichowataka wanafunzi wake wakifanye: kuuacha ukuta, wamfikirie anayefikiri.